Jinsi ya kupata muziki unaooana na miguu yako, mbioni na kwenye baiskeli

Na MWANDISHI WETU

WATU wengi wanaokimbia alfajiri katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret huonekana wakiwa na vipokea sauti masikioni. Nyimbo wanazosikiliza wameziteua kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kwamba wanazipenda. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mdundo wa wimbo unalingana na hatua wanazopiga.

Swali hilo si dogo. Mdundo usiooana na miguu huweza kumvuta mkimbiaji apige hatua ndefu kuliko uwezo wake, au aanze kwa pupa na kuishiwa na pumzi kabla ya kufika nusu ya safari. Wapo walioyaacha mazoezi kabisa wakilalamikia magoti na kuamini kwamba miili yao haikuumbwa kwa mbio, ilhali kasoro ilikuwa katika mwendo waliouzoea.

Kanuni tunayoieleza hapa ni nyepesi kuitamka, japo hukiukwa kila siku: ihesabu miguu yako kwanza, ndipo utafute wimbo. Anayeanza na wimbo huishia kuikimbilia kasi ya mtu mwingine.

Mapigo, hatua na mizunguko

Kasi ya muziki hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 una mapigo mawili kila sekunde. Chombo cha kupimia kasi hiyo, metronomu, kilipewa hataza mwaka 1815 kwa jina la Johann Maelzel, na tangu hapo watunzi wa Ulaya wakaweza kuandika tarakimu badala ya maneno kama “polepole” au “haraka” ambayo kila mpigaji huyaelewa kivyake.

Kwa mkimbiaji, kipimo kinacholingana na hicho ni idadi ya hatua kwa dakika, mguu wa kulia na wa kushoto ikihesabiwa pamoja. Kwa mwendesha baiskeli ni idadi ya mizunguko kamili ya pedali kwa dakika, na hapo mguu mmoja tu ndio huhesabiwa. Tofauti hii huwachanganya wengi. Mtu anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika husukuma kwa miguu yote miwili mara 180, hivyo basi wimbo wa mapigo 90 humfaa, na wa mapigo 180 humfaa vilevile.

Wakimbiaji wengi wa kawaida hupiga baina ya hatua 150 na 180 kwa dakika. Waendeshaji baiskeli za mashindano barabarani huzungusha pedali mara 80 hadi 100, ilhali anayekwenda sokoni na baiskeli nzito yenye mzigo nyuma huwa chini sana ya hapo.

Tarakimu 180 imepata umaarufu usiolingana na asili yake. Kocha Mmarekani Jack Daniels aliwahesabia hatua wanariadha wa mbio za masafa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Kati ya 46 aliowachunguza, ni mmoja tu aliyepiga chini ya hatua 180 kwa dakika. Kuanzia hapo vitabu na majarida yakaigeuza hesabu hiyo kuwa amri kwa kila mtu mwenye viatu vya mbio.

Wale walikuwa wanariadha bora duniani, tena wakiwa mashindanoni. Karani anayekimbia kilomita moja kwa dakika saba hana sababu ya kulazimisha miguu yake ifikie 180. Hatua hutegemea urefu wa miguu, kasi na ardhi, na hata bingwa huzipunguza anapokimbia taratibu. Anayepakua mkusanyiko wa nyimbo za mapigo 180 kwa kuwa amesoma ndiyo kasi ya mabingwa, amelikosa lengo kabla hajafunga kamba za viatu.

Yaliyogunduliwa na watafiti

Uchunguzi wa mapema unaotajwa mara nyingi katika suala hili ni wa Leonard Ayres, aliouchapisha Marekani mwaka 1911. Ayres alifuatilia mashindano ya baiskeli ya siku sita mjini New York, ambako bendi ilikuwa ikiwatumbuiza watazamaji. Bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa takriban kilomita 31.5 kwa saa, na iliponyamaza wakashuka hadi 28.8. Mkosoaji anaweza kuuliza iwapo bendi ilipigwa nyakati ambazo umati ulikuwa mkubwa zaidi, na ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, swali lilikwisha kufunguliwa.

Katika miaka ya karibuni, jina linalojitokeza zaidi ni la Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London. Yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wanaofanya mazoezi hupendelea zaidi nyimbo za mapigo 120 hadi 140 kwa dakika, na kwamba kuongeza kasi ya muziki kupita hapo hakuleti faida kubwa, hata moyo ukizidi kwenda mbio.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la waendeshaji baiskeli wa ndani ya ukumbi, ambapo Karageorghis alikuwa miongoni mwa watafiti. Waliozungusha pedali sambamba na mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 7 wakilinganishwa na pale muziki ulipokuwa wa polepole kuliko miguu yao. Kazi iliyofanyika ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba miguu ilikwenda kwa mpangilio usioyumba, nao mwili ukaacha kupoteza nguvu katika masahihisho madogo madogo ya mwendo.

Mwaka huo huo watafiti wakiongozwa na Peter Terry nchini Australia walitoa taarifa kuhusu wanamichezo 11 wa triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio. Wakikimbia kwenye mashine huku hatua zao zikioana na muziki, walistahimili kwa muda mrefu zaidi, kwa asilimia 18 hadi 20, kuliko walipokimbia bila muziki. La kushangaza ni kwamba muziki wa kutia hamasa na ule usio na hamasa yoyote ulitoa matokeo yanayokaribiana. Kilichofanya kazi kilikuwa mdundo wenyewe.

Tusitie chumvi, lakini. Terry na wenzake walipojumlisha tafiti 139 katika uchambuzi uliotoka mwaka 2020, walikuta kwamba muziki husaidia kweli, ila kwa kiasi kidogo. Huifanya kazi ionekane nyepesi kidogo, huinua moyo, na hupunguza kidogo oksijeni inayotumika. Mtu asiyefanya mazoezi hatapata pumzi kutoka kwenye wimbo.

Vilevile, faida hupungua mazoezi yanapokuwa makali sana. Mapafu yanapowaka na miguu kujaa uzito wa risasi, akili huvutwa na maumivu, na wimbo hubaki kelele za mbali.

Haile na hesabu isiyokubali

Hakuna kisa kinachosimuliwa zaidi kuliko cha Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Februari 1998, mjini Birmingham, Uingereza, Haile alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 ndani ya ukumbi kwa muda wa dakika 4 na sekunde 52.86. Ukumbini ulikuwa ukipigwa wimbo “Scatman” wa Mmarekani Scatman John, na inasemekana Haile alizioanisha hatua zake na wimbo huo. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa na Mwethiopia mwenzake, Kenenisa Bekele, papo hapo Birmingham mwaka 2007.

Kisa ni kitamu, ila hebu tuchukue kalamu. Wimbo huo una takriban mapigo 136 kwa dakika. Kwa kasi aliyokimbia, Haile alikuwa akipita karibu mita 410 kila dakika. Lau angepiga hatua moja kwa kila pigo, kila hatua ingekuwa na urefu wa mita tatu. Haile ana kimo cha mita 1.65 hivi. Hata Usain Bolt, ambaye ni mrefu kumpita kwa sentimita 30, alipoweka rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009 alitumia hatua 41, wastani wa mita 2.4 kila moja.

Kwa hivyo, haikuwa hatua moja kwa pigo moja. Iwapo miguu yake ilikuwa imeushika wimbo ule, basi uwezekano ulio karibu ni hatua tatu kwa kila mapigo mawili, yaani hatua 204 kwa dakika, kila moja ikiwa na urefu wa mita mbili. Hilo linaaminika kwa mkimbiaji wa kiwango chake. Inawezekana pia kwamba wimbo ulimchangamsha tu, bila kuigusa idadi ya hatua.

Tumelirefusha jambo hili kwa sababu watu husikia kisa cha Haile, wakautafuta wimbo ule ule, kisha wakashangaa mbona miguu yao inagombana nao. Mkimbiaji wa kawaida asijaribu hatua tatu kwa mapigo mawili. Oano zinazoshikika bila kufikiri ni mbili: hatua moja kwa pigo moja, au hatua mbili kwa pigo moja.

Namna ya kuhesabu

Chagua mahali tambarare. Kimbia dakika kumi kwanza ili mwili upate joto, kisha shika kasi ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Tazama saa, uhesabu kila mara mguu wa kulia unapogusa ardhi kwa sekunde 30, halafu uzidishe kwa nne. Ukipata 41, hatua zako ni 164 kwa dakika.

Rudia zoezi hilo kwa siku tatu tofauti, bila muziki. Siku moja haitoshi, maana uchovu, upepo na hata viatu hubadilisha tarakimu. Wenye saa za kisasa zinazohesabu hatua zenyewe wanaweza kuzitumia, ingawa ni busara kuzihakikisha kwa kuhesabu kwa kichwa angalau mara moja.

Kwa baiskeli, hesabu mara goti la kulia linapofika juu, kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili.

Sasa geukia wimbo. Gonga meza kwa kidole kufuata mdundo, uhesabu kwa dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, lakini hapo kosa la pigo moja linakuwa kosa la mapigo manne. Zipo pia programu za simu na za tarakilishi zinazokutajia kasi ya wimbo.

Programu hizo zina hila moja. Wimbo mmoja unaweza kuandikiwa 82 na programu moja na 164 na nyingine. Zote mbili ziko sahihi, kwani moja imehesabu pigo kubwa na nyingine imehesabu nusu zake. Kwa mkimbiaji wetu wa hatua 164 wimbo huo unafaa, apende kuusikia namna gani.

Je, ulinganifu uwe kamili? La. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, katika ripoti ya mwaka 2015, walibadilisha kasi ya muziki kidogo kidogo bila kuwaambia wakimbiaji. Waligundua kwamba miguu huufuata muziki yenyewe, mradi tofauti isizidi takriban asilimia 3.

Kwa mwenye hatua 164, asilimia 3 ni hatua tano hivi. Hivyo basi, nyimbo zote za mapigo 159 hadi 169 zinamfaa, pamoja na zile za 80 hadi 84. Ghala lake la nyimbo ni kubwa kuliko alivyodhani.

Muziki wetu kwenye mizani

Orodha nyingi za nyimbo za mazoezi zimetungwa Ulaya na Marekani, nazo hujaa muziki wa disko na wa klabu. Muziki wa aina ya “house” huwa na mapigo 120 hadi 130, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa hatua za mbio na kikubwa mno kwa nusu yake. Ndiyo sababu muziki huo huchangamsha jimu lakini haukamati miguu barabarani. Humfaa zaidi anayetembea kwa haraka.

Reggae, ambayo wengi huidhania kuwa ya kupumzikia, ni hazina. Nyimbo zake nyingi zina mapigo 70 hadi 85, na mkimbiaji wa hatua 140 hadi 170 hupata humo hatua mbili kwa kila pigo. Isitoshe, besi yake nzito ni rahisi kuifuata hata kelele za barabara zinapoingilia.

Benga na rumba zinahitaji uangalifu. Rekodi za zamani, tuseme za kina Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, zilipigwa na watu waliokaa chumba kimoja bila mashine ya kuwashikia kasi. Wapigaji walipochangamka, mdundo ulichangamka nao. Ndio uhai wa muziki ule, ila kwa anayepima hatua maana yake ni kwamba dakika ya kwanza na ya tano zinaweza kutofautiana.

Katika rumba ya Kongo tofauti ni kubwa zaidi. Wimbo huanza kwa upole, mwimbaji akimbembeleza mpenzi wake, halafu baada ya dakika kadhaa magitaa hushika sebene. Aliyehesabu mapigo mwanzoni atakuta miguu inaburutwa. Hesabu ndani ya sebene, na ukiweza, kata sehemu ya mwanzo na ubaki na sebene pekee. Wapenzi wa Franco watuwie radhi.

Chakacha ya Pwani ina mtego mwingine. Mapigo yake madogo huenda kwa mafungu ya matatu, na anayehesabu kila mlio wa ngoma hupata tarakimu ya juu mno. Sikiliza pale wachezaji wanapokanyaga. Hapo ndipo pigo lako lilipo. Anayetaka kuijaribu miguu yake kwa mdundo wa Magharibi mwa Kenya anayo isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Halafu kuna singeli ya Dar es Salaam. Muziki huu huvuka mapigo 200 kwa dakika, na baadhi ya nyimbo hukaribia 300. Hakuna mkimbiaji wa kuufuata pigo kwa pigo. Nusu yake, hata hivyo, ni 100 na ushei, na hapo mwendesha baiskeli mwenye gia nyepesi hupata rafiki.

Mdundo sawa haumaanishi athari sawa. Watafiti wa Ghent waliwahi kuwatembeza watu kwa nyimbo nyingi zenye mapigo 130 zote, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya nyimbo ziliwafanya warefushe hatua, nyingine zikawafanya wazifupishe, ingawa idadi ya hatua ilibaki ile ile. Tarakimu hukuchujia nyimbo, ila uteuzi wa mwisho hufanywa na sikio.

Wimbo unaozaliwa na miguu

Kabla ya vipokea sauti, kuna waliokuwa wamelitatua tatizo hili kwa njia bora. Nchini Tanzania, mchakamchaka umekimbiwa kwa vizazi na wanafunzi asubuhi na mapema, na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kiongozi hutoa wimbo, kundi huitikia, na vishindo vya miguu huwa ndiyo ngoma. Hapa kwetu, makurutu wa polisi na vijana wa NYS hukimbia kwa mtindo huo huo.

Katika mchakamchaka wimbo hauwezi kukosa kuoana na miguu, kwa sababu umetoka miguuni. Kilima kikija, kiongozi hupunguza. Kundi likichoka, hubadilisha wimbo. Mashine haina macho ya kuona kilima. Faida ya pili ni pumzi: anayeweza kuitikia wimbo hajapita kasi ya kuzungumza, na akishindwa kuitikia amejua mwenyewe kwamba amezidisha.

Majeshi ya nje nayo yana hesabu zao. Kikosi cha wageni cha Ufaransa, Légion étrangère, hupiga gwaride kwa hatua 88 tu kwa dakika, ilhali kikosi cha The Rifles cha Uingereza huenda kwa 140. Kila bendi imelazimika kuwa na nyimbo zake.

Baiskeli ni hadithi nyingine

Mkimbiaji akiongeza hatua bila kuzifupisha, kasi yake hupanda. Mwendesha baiskeli mwenye gia ana uhuru: anaweza kubaki kwenye mizunguko 90, wimbo ule ule, iwe anapanda au anateremka, mradi abadilishe gia. Kwake yeye muziki ni kumbusho la kubadilisha gia mapema. Mdundo ukianza kumkimbia, gia imekuwa nzito.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza baiskeli akiwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliuonyesha ulimwengu nguvu ya mizunguko ya haraka. Julai 2013, akipanda mlima Ventoux katika Tour de France, aliwaacha wapinzani wake akiwa ameketi tandikoni, miguu ikizunguka kama pia. Alishinda mashindano hayo mwaka huo, kisha 2015, 2016 na 2017.

Mwenye baiskeli ya gia moja, kama zile za “Black Mamba” zilizobeba wasafiri na magunia kote Magharibi na Nyanza, hana uhuru huo. Tuseme kila mzunguko wa pedali humsogeza mita tano. Kwa mizunguko 60 atakwenda kilomita 18 kwa saa, na wimbo wa mapigo 60 au 120 utamfaa barabara tambarare. Kilimani akishuka hadi kilomita 10 kwa saa, mizunguko yake ni 33 tu. Hapo azime muziki, asikilize pumzi zake.

Goti, barabara na sheria

Muziki unaweza pia kutumiwa kurekebisha mwendo. Utafiti uliofanywa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mkimbiaji akiongeza hatua kwa asilimia 5 bila kubadilisha kasi, mzigo unaoangukia goti hupungua. Hatua zinapokuwa nyingi huwa fupi, na kisigino huacha kutua mbali mbele ya mwili.

Mwenye hatua 160 na magoti yanayolalamika anaweza basi kutafuta nyimbo za mapigo 164, azizoee kwa majuma mawili matatu, kisha apande hadi 168. Kuruka moja kwa moja hadi 180 ni kuhamisha maumivu kutoka gotini hadi kwenye ndama ya mguu na kano ya kisigino. Maumivu yasiyokwisha ni ya kupelekwa kwa daktari.

Kuhusu mashindano, kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani haziruhusu mwanariadha kutumia redio, simu wala vifaa vya aina hiyo uwanjani. Nchini Marekani, shirikisho la riadha lilipiga marufuku vipokea sauti mwaka 2007, kisha mwaka uliofuata likalegeza kamba kwa wasiowania ubingwa au zawadi. Mwaka 2009, katika mbio za Lakefront Marathon za Milwaukee, mwanamke mmoja alipokonywa ushindi kwa kukimbia na kifaa cha muziki. Anayejiandikisha kwa mbio za mitaani asome masharti ya waandalizi kabla ya kulipa.

Hatari kubwa kuliko zote iko barabarani. Kwenye barabara zetu, anayekimbia au kuendesha baiskeli hutegemea masikio kujua matatu inakuja kwa kasi gani nyuma yake na bodaboda inapita upande upi. Aliyeziba masikio yote mawili amejifunga kitambaa usoni. Muziki wa kuoanisha hatua ni wa uwanjani, kwenye mashine, au kwenye njia zisizo na magari kama zile za Msitu wa Karura. Anayelazimika kutumia barabara aache sikio moja wazi, lile linaloelekea magari, na mwendesha baiskeli aache yote mawili.

Sauti nayo ina mipaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asipitishe saa 40 kwa juma akisikiliza muziki wa desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua kwa haraka. Mdundo hauhitaji kelele ili ufuatwe: ukiweza kusikia vishindo vya viatu vyako chini ya wimbo, sauti iko mahali pake, na papo hapo utajua iwapo mguu na pigo vinatua pamoja.